Samaki Aliyejitaja Alipo

Guangzhou, 9 Machi 2006

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nimeshajiitikia mwenyewe, maana mpaka barua hii ikufikie wiki tatu zitakuwa zimekatika. Anakuletea Mjomba Zubeir. Kontena lake la viatu limeshapakiwa bandarini Huangpu, na yeye anaruka Jumanne ya mwisho wa mwezi akalisubirie huko huko nyumbani. Nimempa pia dawa yako ya magoti na majani ya chai. Chai hiyo usiitie maziwa, Baba, tafadhali. Watu wa hapa wakijua watanifukuza chuo.

Sasa nikuambie nilichokiona jana. Profesa alituchukua sisi wanafunzi wake watano mpaka mdomo wa Mto Lulu, saa mbili kwa basi, kwenye chumba kidogo walichowekea makumbusho ya wavuvi. Ukutani kuna samaki amekaushwa. Baba wee! Nilisimama pale nikimtazama. Ni mrefu kuliko mimi, na unajua mwenyewe nilivyo mlingoti. Ngozi bado ina rangi ya shaba, na midomo ni ya njano, ndiyo maana Wachina wanamwita mdomo-njano. Ndani ya kichwa chake walitoa vijiwe viwili vyeupe, ukubwa wa haragwe, Profesa alitupa tuvishike. Ni vya kusikilia! Samaki ana mawe sikioni. Na tumboni ana kibofu cha hewa, na ubavuni mwa kibofu ana misuli ya kukipigia, basi akimtaka mwenzake anapiga. Amezaliwa na ngoma yake. Nimesoma samaki miaka sita, Dar na hapa, na jana nilijiona sijui lolote. Machozi yalinitoka, wenzangu wakadhani naumwa.

Pale yupo mvuvi mstaafu, Mzee Leung, ana miaka sabini na sita. Wote wanamwita A-Baak, kama sisi tunavyosema Baba Mkubwa. Anasema zamani walikuwa wakiacha kupiga makasia, wanalaza sikio kwenye mbao za chini ya mashua, na samaki wanasikika kundi zima, mbao zinatetemeka mpaka kwenye meno. Siku hizi mdomo-njano mmoja akionekana ni habari ya gazeti. Wamekwisha, Baba. Nilimtazama yule wa ukutani nikamwonea huruma kwa upweke wake.

Nikakukumbuka wewe. Marehemu Mama alinihadithia kwamba kabla ya kwinini kukuziba masikio, ulikuwa ukilaza sikio ubaoni hivyo hivyo kwenye mlango wa Mto Zigi na kusema samaki walipo. Kwetu wapo wa ukoo ule ule, wadogo zaidi. Nilipomwambia Profesa aliweka kalamu chini. Amenipa sura nzima ya tasnifu yangu iwe juu ya samaki wa Tanga wanaopiga ngoma na walivyopungua. Shida ni kwamba hatujapata maandishi yoyote juu ya sauti yao huko kwetu, kwa hiyo lazima nipate shahidi aliyewasikia kwa sikio lake, aseme na mwaka alipowasikia mara ya mwisho. Ushahidi ukifika kabla Juni haijaisha, chuo kitanileta nyumbani Machi mwakani, majira yao, na kifaa cha kusikilizia majini. Usipofika, sura inafutwa na mimi nitaandika juu ya chakula cha perege wa kwenye matangi. Baba, usinitupe kwa perege.

Niandikie yote. Ilikuwaje, wapi, mwaka gani wa mwisho.

Mwanao,
Kazija

* * *

Makorora, Tanga, 4 Aprili 2006

Mwanangu Kazija,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mjomba wako kafika salama, kanenepa, anatembea kama mtu mwenye meli. Chai nimeitia maziwa. Nenda kashitaki.

Watu hapa wanasema ninunue simu, niwe nakutumia ujumbe wa kuandika. Kwangu mimi simu ni kipande cha sabuni tu. Vidole vyangu vya useremala vimezoea randa, kalamu ndiyo mwisho wao. Utavumilia barua.

Ati umelilia samaki aliyekaushwa! Basi umenirithi, pole sana.

Haya, sikiliza. Alasiri, maji yakianza kujaa, mwezi wa tatu kuingia wa nne, mnaingia mlango wa mto. Makasia ndani, hakuna kusema, hakuna kukohoa. Unalala kifudifudi, shavu ubaoni. Mwanzo husikii kitu ila maji na damu yako mwenyewe. Halafu mmoja anaguna. Grrr, grrr, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Halafu wa pili anamjibu, mbali kidogo. Halafu, mwanangu, wanaingia wote. Wallahi unahisi chini ya bahari pamepata uhai. Wakifika hapo huwasikii tena kwa sikio, unawasikia kifuani, kwenye taya, kwenye magoti. Mara yangu ya kwanza niliinuka nikasema Subhanallah kwa sauti, nikachapwa kofi la mgongo kwa kuwashitua. Baadaye nikawa naweza kusema wako wengi au wachache, wamelala hapa au pale, wanapanda au wanashuka. Watu waliniita Sikio. Jina hilo hujawahi kulisikia, siyo?

Kila mtaa wa pwani una jina lake la samaki yule. Mimi nilimwita mwenye kuguna, na sikuwahi kuchoka kumsikiliza. Mpaka leo nikipiga randa ubao mpana, mikono ikitetemeka, namkumbuka.

Mwaka wa mwisho sikumbuki. Masikio yaliondoka na ile homa na kwinini yake, na miaka ikachanganyikana. Andika zamani, inatosha. Wasomi nao si wanajua zamani ni nini?

Na Mjomba wako usimsumbue kwa maswali ya bahari. Mwache na viatu vyake.

Baba yako,
Abubakary Makame

* * *

Guangzhou, 2 Mei 2006

Baba Sikio!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Jina zuri hivyo mlinificha kwa nini?

Barua yako nimeitafsiri usiku na mchana. Niliisoma kwa Kichina cha darasani, na mwenzangu mmoja akamgeuzia A-Baak Leung kwa lugha ya huku kwao. Akaomba irudiwe. Tulipofika pale mmoja anaguna na wa pili anamjibu, yule mzee aliinama akalaza shavu kwenye meza, katikati ya vikombe vya chai, akafumba macho. Baba, hakuna aliyecheka. Mtu wa Tanga na mtu wa Mto Lulu, hamjawahi kuonana, na mmelala kifudifudi vile vile mkisikiliza jambo lile lile.

Halafu akatusimulia walivyowamaliza. Alikuwa kijana bado. Walikuwa wakipanga mashua nyingi duara, kila moja na ubao wake na nyundo ya mti, wanagonga kwa pamoja. Yale mawe ya sikioni yanatikisika ndani ya fuvu, samaki wanazimia, wakubwa kwa watoto, na maji yanageuka njano mpaka macho yanapoishia. A-Baak mwenyewe aligonga. Alisema, "Walitutajia walipo, na sisi tukaenda." Akanywa chai yake. Fikiria, Baba, kiumbe anauawa kwa njia ya sikio lake.

Ndipo nikasema kwa majivuno kwamba baba yangu hakuwa hivyo. Baba yangu alisikiliza, akavua kwa mshipi, akabakiza. Hukuandika hayo, najua, lakini nakujua wewe, nikajaza mwenyewe. Profesa amefurahi mno. Tarehe nane Julai nitasimama mbele ya watu wa vyuo vinne, na ukurasa wangu wa kwanza utaandikwa: Abubakary Makame, mvuvi aliyesikiliza akabakiza.

Umebaki mwaka tu. Profesa hakubali "zamani". Nadhani unaona haya kwa kuwa umesahau, basi nikusaidie. Nilikuwa nimezaliwa? Nilikuwa nimeanza shule? Hata ukikosea mwaka mmoja si neno.

Nisamehe, nilimwuliza Mjomba. Tulikuwa tunakula tambi kule Liuhua, karibu na stesheni. Nikamwambia, Mjomba, wewe si ulikuwa ukienda naye baharini, mara ya mwisho ilikuwa lini? Akaacha bakuli limejaa, akasema anakwenda kutazama mzigo. Mjomba Zubeir kuacha chakula! Umeona wapi? Nadhani biashara imemwendea vibaya, na wewe ukimwandikia usimwambie nimesema.

Mwanao anayejivunia,
Kazija

* * *

Zhanqian, Guangzhou, 6 Mei 2006

Shemeji Abubakary,

Salaam. Unajua mimi si mtu wa barua. Nakuandikia juu ya boksi la kandambili, na laoban, mwenye duka, ananitazama vibaya kwa sababu nimekalia mali yake. Barua hii na ya Kazija anazileta Yustina, yule mama wa vitenge wa Chumbageni, anaondoka kesho.

Mtoto ameniuliza. Nimekimbia, shemeji. Mtu mzima na kitambi changu, nimekimbia tambi za nyama. Hapa sokoni kutwa nzima neno ni meiyou, hakuna. Saizi hii meiyou, rangi ile meiyou. Nilitaka nimjibu hivyo, hakuna cha kusema, nikaishia kusingizia mzigo.

Anakwenda kusimama mbele ya watu aseme baba yake alibakiza. Akishasema, siku moja atajua, maana Tanga si kubwa hivyo, na siku hiyo atavunjika. Miaka kumi na tisa umesema kwinini. Umesema mpaka dada yangu akaingia kaburini akiamini kwinini. Sikukuomba. Ulinisitiri, na kila Idi nimekula kwenye sinia lako nikijua kwamba mkono uliotupa baruti ile ni wangu.

Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitaharibu, nitalia mbele ya laoban.

Shemeji yako,
Zubeir

* * *

Makorora, Tanga, 24 Mei 2006

Kazija,

Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe. Nimeandika tatu nikazichana. Hii sitaichana.

Sikuvua kwa mshipi ila miaka miwili ya mwanzo. Halafu ilikuja baruti, ya machimbo ya mawe. Mtu wa baruti anashindwa na jambo moja tu, hajui atupe wapi. Mimi nilijua. Ndiyo maana waliniita Sikio. Nililala ubaoni, nikawasikiliza, nikanyoosha mkono: pale. Mwenzangu akatupa. Na wewe umesoma, unajua samaki yule anaguna kwa sababu gani. Anaguna anapotafuta mwenzake wa kuzaa naye. Niliwaonyesha wakiwa harusini kwao, Kazija, miaka minne mfululizo. Nilikuwa nikisema Subhanallah moyoni na mkono wangu unanyooka. Usiniulize vitu viwili hivyo vilikaaje ndani ya mtu mmoja. Vilikaa.

Jumamosi, tarehe ishirini na nane Machi 1987. Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Mashuani tulikuwa wawili, mimi na Zubeir, ana miaka ishirini na mbili. Utaratibu wetu ulikuwa huu: nikianza kuwasikia nainua kidole, anawasha utambi, nanyoosha mkono, najiinua kutoka ubaoni, anatupa. Siku ile niliinua kidole. Halafu wakaingia. Sijawahi kusikia hivyo kabla ya siku ile. Walikuwa wengi mpaka nikashindwa kujua wako upande gani, walikuwa pande zote, chini yetu kote kulikuwa kunaimba. Nikasahau kazi. Nikasahau Zubeir, nikasahau kwamba nina mkono. Nilikuwa nasikiliza tu.

Zubeir alingoja ishara na utambi unawaka. Alingoja mpaka moto ukafika vidoleni, angengoja zaidi angebaki hana mkono. Akatupa, karibu mno, na shavu langu liko ubaoni bado. Hakuniua, alijiokoa, na kosa lilikuwa langu. Lakini ungekuwa mama yako ungesikia nini? Ndugu yako kamziba masikio mumeo. Nikasema kwinini.

Ubao ulinipiga kama ngumi kutoka ndani ya kichwa. Nilipoinuka Zubeir alikuwa akifungua mdomo na kufunga. Samaki walianza kupanda juu, matumbo meupe, mamia. Nikawatazama nikingoja kusikia maji yakigonga mashua. Nilingoja mpaka tukafika pwani.

Sasa unaniuliza mwaka wa mwisho wa sauti yao, na ndipo shahidi wako anapokwama. Sijui. Sijui kama walinyamaza wao au niliziba mimi. Sikurudi tena mlango wa mto, na Zubeir hakurudi. Huenda kesho yake waliguna kama kawaida. Huenda wanaguna hata leo, na mimi nimekaa huku nikidhani nimewamaliza. Au niliwamaliza kweli alasiri ile ile, na wa mwisho kuwasikia ni mimi. Swali hilo ndilo lililonikosesha raha kuliko uziwi wenyewe, na ndilo nililokuficha zaidi ya baruti.

Futa neno hilo, akabakiza. Andika jina langu lote, andika baruti, andika tarehe. Zubeir usimtaje, akitaka atajitaja mwenyewe. Kama watafuta sura yako kwa sababu yangu, naomba unisamehe. Na kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa. Nitaumia, sitakudanganya tena, lakini nitaelewa.

Baba yako,
Abubakary Makame

* * *

Guangzhou, 12 Julai 2006

Baba,

Shikamoo.

Nilikukasirikia. Wiki mbili nilishika kalamu nikaiweka. Baruti ilinikera, ila kilichonichoma hasa ni Mama, kwamba alikufa hajui, na alikuwa akikugeuzia uso kwenye taa ili usome midomo yake, akilaani kwinini. Ningali nina hasira kidogo. Nakuambia kwa sababu na wewe safari hii hukunificha.

Nilikwenda Zhanqian kumgombeza Mjomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Aliponiona tu mlangoni alisimama juu ya maboksi akaanza kulia, sijafungua hata mdomo, mbele ya laoban na wanunuzi wa Kikongo. Laoban akadhani nimekuja kurudisha viatu. Nikaishia kumnunulia Mjomba maji na kumshika bega.

Barua yako nilimpa Profesa yote, mstari kwa mstari. Nilikuwa na hakika sura imekwisha. Alisoma mara mbili akauliza kama wewe uko tayari kuandikwa. Nikasema umeomba mwenyewe. Akasema shahidi amefika kwa wakati, sura inabaki. Machi ninakuja nyumbani, Baba, na kifaa ninacho.

Jumamosi nilisimama mbele ya watu wale. Nilisoma jina lako lote. Nilisoma baruti, nilisoma tarehe, nilisoma ulivyosahau kunyoosha mkono. Sikuacha hata neno. Nilipofika kwenye utambi nilisema "mwenzake", kama ulivyotaka. Basi safu ya nyuma kabisa akasimama mtu mnene amevaa koti jipya lenye lebo mkononi, akasema kwa Kichina chake cha sokoni kwamba mkono ule ni wake. Watu wote waligeuka. Akakaa akijifuta uso, na bibi mmoja profesa kutoka Shanghai akampa kitambaa chake.

Halafu A-Baak Leung akainuka. Hakuwa kwenye ratiba, hakuna aliyethubutu kumkalisha. Nakuandikia maneno yake kama nilivyogeuziwa: "Mwambie baba yako masikio yangu ni mazima. Namsikia panya darini. Kila mwaka majira yao yakifika najikokota mpaka mashuani nalaza shavu ubaoni. Ni miaka ishirini na mitatu sijasikia hata mmoja. Mwambie anachosikia yeye ndicho ninachosikia mimi."

Ukumbi mzima ulikaa kimya, Baba. Nilikuwa nimesimama pale mbele na karatasi zangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa umekaa ndani ya nini miaka yote hii, na nikaogopa, na nikakupenda sana.

Lakini ule ni mto wao. Zigi hakuna aliyelaza sikio tangu alasiri ile. Nimewapigia simu wavuvi wote ninaowajua, vijana wa sasa hawajui hata kwamba samaki anaguna. Kwa hiyo kwetu hatujui bado, na Mungu akipenda Machi tutakwenda kujua. Mjomba anasema na yeye atakuja. Nimemwambia atakaa mbele, mikono juu ya magoti, niione yote miwili muda wote.

Mimi nitavaa kifaa, wewe utalala ubaoni mahali pako. Nitakushika mkono tangu tunaingia mlango wa mto. Nikisikia hata mmoja nitaubana. Nisiposikia sitauachia.

Mwanao,
Kazija